Bunduki mpya inakwama, duka linasema si kazi yao. Nifanyeje?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Urambo, Tabora. Kwa sasa naishi Erie, Pennsylvania, pamoja na mke wangu na watoto wawili. Nina ukaazi wa kudumu, na maombi yangu ya uraia yameshapokelewa, nasubiri kuitwa.

Kazini kwangu karibu kila mtu anawinda. Ikifika mwisho wa Novemba kiwanda kinabaki kitupu, watu wote wako porini wanatafuta kulungu. Mwaka huu nikaamua na mimi nijifunze. Nilisoma ile kozi ya usalama ambayo jimbo linamtaka kila anayekata leseni ya kuwinda kwa mara ya kwanza aisome, nikafaulu, kisha nikaenda duka la silaha la hapa mjini. Nilijaza fomu ya serikali, wakanikagua kwenye mfumo wao, nikapita. Nikanunua bunduki mpya ya wenzo, ile unayoikoki kwa kushusha na kupandisha mkono ulio chini yake, inayotumia risasi za saizi ya .30-30. Niliichagua kwa sababu mzee ninayefanya naye kazi anayo ya baba yake na bado inapiga vizuri kabisa. Nililipa zaidi ya dola elfu moja, Mjomba. Kwa mshahara wangu hiyo si pesa ndogo.

Tangu siku ya kwanza kwenye kiwanja cha shabaha haikunifurahisha. Risasi ya kwanza inaingia vizuri. Ukishusha wenzo ili iingie ya pili, mara nyingine unakwama katikati, haushuki wala haupandi. Mara nyingine risasi inaingia, unavuta triga, unasikia "tii" halafu kimya. Ukiitoa ile risasi unaona fataki yake, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ina alama ndogo tu, kama imeguswa na ncha ya sindano. Na ile nundu ya kulengea iliyo mwisho wa mtutu imekaa upande, hata mtoto akiiangalia ataona. Siku ilipokwama kabisa, mzee mmoja wa pale kiwanjani alifungua skrubu ya wenzo akatoa risasi iliyokuwa imebanwa ndani. Akanambia, "Kijana, usiitumie tena hii mpaka itengenezwe."

Nikairudisha dukani. Karani akasema wao wakishauza wamemaliza, niongee na kiwanda. Halafu akaniuliza risasi nimenunua za kampuni gani. Nilipomtajia, akasema kwa kuwa si zile kiwanda kinazopendekeza, waranti imeshakufa. Na kweli ile kadi ya usajili iliyokuwa ndani ya boksi sikuwahi kuituma.

Sasa kila mtu ana lake la kusema. Rafiki yangu wa Mwanza, ambaye ni fundi mzuri sana wa mashine, anasema nimletee, ataipiga tupa sehemu inayokwaruza na itakwisha shida. Shemeji yangu yuko Ohio, anasema nimuuzie yeye kwa bei ya hasara. Mpwa wangu anayesoma chuo hapa amejitolea kuipeleka posta, kwa sababu mimi natoka kazini ofisi zimeshafungwa. Mke wangu hataki kusikia chochote, anataka itoke nyumbani. Anaogopa nikituma bunduki kwa posta polisi watakuja, na uraia wangu utaharibika. Na mimi, nikisema ukweli, naogopa hilo hilo. Kwetu bunduki ni jambo la polisi na kibali, huwezi kuitia kwenye boksi ukaipeleka posta kama viatu.

Nina haki gani? Na msimu unakaribia.

Mwindaji Mpya, Erie

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole kwa usumbufu, na hongera kwa kusoma kozi kabla ya kununua. Wengi hununua kwanza.

Nianze na usalama, maana sheria inaweza kusubiri mpaka kesho lakini risasi haisubiri. Mzee wa kiwanjani alikwambia usiitumie tena. Mtii. Bunduki inayokwama risasi ikiwa ndani, na ambayo mara inalipuka mara hailipuki, haifai hata kwa kujaribu "mara moja tu tuone". Ile "tii" uliyoisikia inaweza kuwa fataki iliyogongwa kidogo ikakataa kabisa, lakini pia inaweza kuwa fataki inayochelewa, ikalipuka baada ya muda ukiwa umeshafungua komeo linaloziba nyuma ya risasi na uso wako uko juu yake. Ndiyo maana kanuni ya viwanja vya shabaha ni kuacha mtutu umeelekea panapolengwa, usiguse kitu, uhesabu angalau sekunde 30, ndipo ufungue. Natumaini ulifanya hivyo. Kwa sasa hakikisha bomba la risasi lililo chini ya mtutu ni tupu, na chemba, mahali risasi inapokaa tayari kupigwa, ni tupu. Angalia kwa macho, halafu ingiza kidole uhakikishe. Kisha funga bunduki kwa kufuli, na risasi ziwe mahali pengine. Kama huna uhakika kuwa hakuna risasi iliyobaki imebanwa ndani, mpelekee fundi bunduki mwenye leseni aikague, na usilazimishe wenzo. Mke wako anayo haki ya kulala usingizi bila wasiwasi. Katika hilo mimi niko upande wake, ingawa kwenye habari ya polisi nitamtoa hofu.

Sasa tuiangalie bunduki yenyewe. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya fundi bunduki huku Marekani, na dalili ulizoandika nimeziona kwa wengi.

Bunduki ya wenzo hubeba risasi zikiwa zimepangana moja nyuma ya nyingine ndani ya bomba. Ukishusha wenzo, komeo linarudi nyuma, ganda tupu linarushwa nje, na risasi moja inatoka kwenye bomba kulala juu ya kipande kinachoinyanyua kuifikisha kwenye mdomo wa chemba. Kazi hizo zote zinategemea kupishana kwa vipande kwa wakati wake. Kipande cha kunyanyua kikikaa chini au juu kidogo kuliko kinavyotakiwa, risasi ya pili inachungulia kabla ya wakati, inaingia chini yake, na wenzo unakwama katikati kama ulivyoeleza. Kwenye bunduki iliyotumika miaka mingi, hiyo ni dalili ya chuma kuliwa. Kwenye bunduki mpya maana yake kipande kilitoka kiwandani hakikukatwa sawasawa, au kina ukali wa chuma ambao hakuna aliyeusafisha.

Fataki kugongwa kidogo kuna sababu zaidi ya moja. Inawezekana ni grisi nzito ya kuhifadhia bunduki imejaa ndani ya komeo, au springi ya nyundo ni dhaifu. Na katika baadhi ya miundo pini ya kupigia imegawanywa vipande viwili makusudi, ili kipande cha nyuma kisikae kwenye mstari mpaka komeo lifunge kabisa. Wenzo usipofika juu kabisa, nyundo inapiga lakini nguvu haifiki kwenye fataki. Kwa hiyo huenda kukwama na kutolipuka ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Nundu ya kulengea kukaa upande ni habari nyingine. Hiyo haina hatari, lakini inaonyesha ni kwa haraka gani bunduki yako ilipita mikononi mwa mkaguzi wa kiwanda. Itaje kwenye malalamiko, kwa sababu picha yake haina ubishi.

Kuna swali moja watakuuliza kiwandani, na ni bora ulijibu kabla hawajaliuliza. Wanaoanza kutumia wenzo wana tabia ya kuusukuma polepole na kuurudisha kabla haujafika mwisho, wakiogopa kuuumiza. Bunduki ya wenzo inataka mkono wenye uhakika: chini mpaka mwisho, juu mpaka mwisho, kwa mwendo mmoja. Fundi wa kiwandani akishindwa kupata kasoro, jambo la kwanza kuandika litakuwa kwamba mtumiaji hakujua. Nunua risasi za mazoezi za saizi hiyo hiyo, zile zisizo na baruti wala fataki. Hakikisha hakuna risasi halisi chumbani, elekeza mtutu mahali salama, mwambie mkeo au rafiki akupige video kwa simu ukiikoki kwa nguvu na kwa ukamilifu. Ikikwama hapo, una ushahidi ambao hauwezi kukanushwa kwa maneno. Isipokwama basi nalo umelijua, na utawaambia kwa haki kwamba inakwama kwa risasi halisi tu.

Karani wa duka alikwambia mambo mawili. La kwanza lina ukweli nusu: waranti ya maandishi imetolewa na kiwanda, si duka, na njia ya haraka ni kuzungumza na kiwanda. Duka haliwezi kujitoa kabisa, lakini usipoteze wiki mbili kubishana nalo wakati msimu unakimbia.

La pili si kweli kama alivyolisema. Marekani ina sheria ya waranti ya mwaka 1975, inaitwa Magnuson-Moss. Moja ya mambo inayokataza ni kampuni kukwambia kwamba waranti yako itakufa usipotumia bidhaa yenye jina la kampuni fulani, isipokuwa ikupe bidhaa hiyo bure au iwe imepata ruhusa maalumu. Ni kampuni inayotakiwa kuonyesha kuwa kitu ulichotumia ndicho kilicholeta kasoro. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imekuwa ikizionya kampuni za bidhaa mbalimbali kuhusu jambo hili. Mwaka 2022 ilizichukulia hatua kampuni ya pikipiki ya Harley-Davidson, kampuni inayotengeneza jenereta za Westinghouse na kampuni ya majiko ya Weber kwa masharti ya namna hiyo kwenye waranti zao. Kwa hiyo kama ulitumia risasi mpya za kiwandani, za saizi iliyochongwa kwenye mtutu wako, kuwa za kampuni nyingine peke yake hakuui waranti. Risasi za kujaziwa nyumbani ni jambo tofauti. Waranti nyingi za bunduki zinayakataa madhara yanayotokana nazo, na mimi nakushauri usiziguse mpaka utakapokuwa mzoefu.

Hapo hapo kwenye risasi, niulize jambo moja ambalo hukulitaja. Zilikuwa na pua bapa? Ndani ya bomba, pua ya risasi moja inakaa mgongoni mwa fataki ya iliyo mbele yake. Risasi ya kawaida yenye ncha kali ya chuma, bunduki ikipata mtikisiko, inaweza kugonga fataki hiyo na bomba likalipuka mkononi mwako. Kwa sababu hiyo .30-30 tangu zamani zinatengenezwa na pua bapa au ya mviringo, na zile chache zenye ncha zinazoruhusiwa zina ncha ya plastiki laini inayobonyea. Soma boksi, usitegemee maneno ya mtu.

Ile kadi ya usajili isikukoseshe usingizi. Kwa kawaida risiti yenye tarehe ndiyo inayohitajika. Tafuta karatasi ya waranti ndani ya boksi au kwenye kitabu cha maelekezo, uisome yote. Juu yake patakuwa pameandikwa kama ni waranti kamili au waranti yenye mipaka, maana sheria hiyo ya 1975 inawalazimisha kusema. Ikiwa ni kamili, na wameshindwa kuitengeneza baada ya majaribio ya kutosha, unaweza kuchagua kurudishiwa pesa au kupewa nyingine. Nyingi ni zenye mipaka, na hapo wao ndio huchagua kati ya kutengeneza na kubadilisha. Hata hivyo kampuni iliyokupa waranti ya maandishi haiwezi kuifuta ile haki ya msingi kwamba kitu kipya lazima kifanye kazi ambayo kitu cha aina hiyo hufanya. Inachoweza ni kufupisha muda wake tu. Bunduki ya kuwinda isiyoingiza risasi ya pili haifanyi kazi yake.

Rafiki yako wa Mwanza mshukuru, lakini usimpe. Sina shaka na mikono yake. Vipande hivi hupimwa kwa unene mdogo kuliko unywele, na chuma kilichoondolewa kwa tupa hakirudi. Siku kiwanda kikifungua bunduki na kuona alama za tupa, wamepata sababu halali ya kukataa, na safari hii sheria itakuwa upande wao. Zaidi ya hapo, akikosea kwenye sehemu inayoshika nyundo, bunduki inaweza kulipuka bila kuvutwa triga. Sitaki nisome habari zenu gazetini.

Shemeji wa Ohio pia mkatalie. Ninyi ni wakaazi wa majimbo mawili tofauti, na sheria ya serikali kuu hairuhusu mtu asiye na leseni kumuuzia bunduki mtu wa jimbo lingine mkono kwa mkono. Lazima ipite kwa muuzaji mwenye leseni, huyo shemeji ajaze fomu na kukaguliwa kama wewe. Na hata kama sheria ingeruhusu, utamuuziaje ndugu wa mkeo kitu unachojua kinaweza kumuumiza?

Sasa mpwa wako, na hapa nakuomba usome mara mbili. Kama yupo kwa visa ya mwanafunzi, kwa kawaida sheria ya serikali kuu inamkataza kushika bunduki au risasi. Ipo misamaha michache, kwa mfano mwenye leseni halali ya kuwinda ya jimbo, lakini usijaribu bahati yake. Kubeba tu boksi lako hadi posta kunaweza kumletea kosa kubwa la jinai na kumwondoa nchini. Na wewe uliyempa ukijua, umo kwenye kosa. Asiibebe, asiishike, asiende nayo kiwanjani kujaribu. Wewe ndiye mwenye mali, omba ruhusa kazini, upeleke mwenyewe.

Nimefika kwenye hofu yako kubwa, na ninaielewa. Kule nyumbani, chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, huna bunduki bila leseni ya mamlaka, na mtu akiisafirisha ovyo anatafuta matatizo. Mwili hauachi mazoea hayo kwa sababu umevuka bahari. Lakini Pennsylvania wewe ni mmiliki halali, umejaza ile fomu ya serikali, namba 4473, umekaguliwa, umepita. Sheria ya serikali kuu inamruhusu mtu wa kawaida kutuma bunduki yake kwa mtengenezaji mwenye leseni kwa ajili ya matengenezo, hata kama kiwanda kiko jimbo lingine. Na mtengenezaji anaruhusiwa kukurudishia moja kwa moja nyumbani, bila kupitia duka na bila wewe kujaza fomu upya. Wakiona haitengenezeki wakakupa nyingine ya aina hiyo hiyo, nayo inaweza kuja kwako kwa njia hiyo hiyo, ingawa baadhi ya viwanda huona afadhali kupitia duka. Hayo si mambo ya kichochoroni, yameandikwa. Kutumia waranti yako hakukufanyi mhalifu, na hakuna cha kumficha afisa wa uraia. Kinachoharibu uraia ni kama hicho cha mpwa au cha shemeji. Ukiwa na jambo jingine lolote kwenye rekodi yako, muulize wakili wa uhamiaji kabla ya usaili.

Njia ya kutuma ni hii. Usifunge boksi kabla hujaongea na kiwanda. Piga simu idara yao ya huduma, eleza kasoro, uombe namba ya marejeo na stika ya usafirishaji iliyolipiwa. Viwanda vingi hulipia safari zote mbili kwa bunduki mpya. Ukisikia ujilipie, uliza kwa upole kwa nini, uandike jina la aliyekujibu. Stika yao ina faida nyingine: kampuni za usafirishaji za UPS na FedEx kwa sasa hazipokei bunduki kutoka kwa mtu asiye na leseni ya biashara ya silaha, hivyo ukienda peke yako utarudishwa mlangoni. Posta ya Marekani inakubali bunduki ndefu isiyo na risasi kutoka kwa mtu wa kawaida kwenda kwa mtengenezaji au muuzaji mwenye leseni. Fuata maelekezo ya kiwanda neno kwa neno. Au mwombe fundi bunduki mwenye leseni aitume kwa niaba yako. Atakutoza kidogo, na kwa mtu anayetoka kazini ofisi zimefungwa hiyo inaweza kuwa nafuu.

Ndani ya boksi isiingie risasi hata moja, wala ganda. Darubini, mkanda na kitu chochote ulichoongeza mwenyewe, viondoe ubaki navyo. Nje ya boksi pasiandikwe kitu kinachoonyesha ni bunduki. Piga picha ya namba ya bunduki, ya mwili wote, ya ile nundu iliyopinda, ya fataki zenye alama ndogo, na ya boksi kabla na baada ya kulifunga. Hifadhi risiti ya posta, na ikipotea njiani utaishukuru.

Simu peke yake haitoshi. Siku hiyo hiyo andika barua pepe, na nakala ya barua hiyo iingie ndani ya boksi. Iwe fupi na isiyo na hasira. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi, wewe uiweke kwa Kiingereza: "Nilinunua bunduki hii ikiwa mpya tarehe fulani, duka fulani, namba yake ni hii. Kwa risasi mpya za kiwandani, wenzo unakwama katikati risasi ya pili inapotoka kwenye bomba. Fataki nyingine zinagongwa kidogo na hazilipuki. Nundu ya kulengea ya mbele imepinda. Sijaifungua wala kuibadilisha. Skrubu ya wenzo ilifunguliwa mara moja kwenye kiwanja cha shabaha ili kuondoa risasi iliyobanwa. Naomba itengenezwe chini ya waranti, ijaribiwe kwa risasi halisi kabla ya kurudishwa, na mniandikie nini kilirekebishwa. Video na picha nimeambatanisha." Ile habari ya skrubu usiifiche. Wataona alama ya bisibisi, na ni bora waisome kwako kwanza.

Kwa nini nasisitiza maandishi? Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani, inayowashikia bango watengenezaji wa vitanda vya watoto na mashine za kufulia zenye hatari, haina mamlaka juu ya bunduki. Sheria iliyoiunda mwaka 1972 iliziacha nje. Hakuna ofisi ya serikali ya kuagiza bunduki yenye kasoro iondolewe sokoni. Kiwanda huiita chenyewe kikiamua, na huamua pale malalamiko ya namna moja yanapoongezeka mezani. Barua yako inaweza kumlinda mtu wa jimbo la Idaho ambaye hamtajuana maisha yenu. Hili linaniuma, na nimelisema mara nyingi: bidhaa yenye uwezo wa kuua ilistahili kusimamiwa zaidi ya jagi la umeme, si chini yake.

Wakikataa, au wakiirudisha vile vile, usikate tamaa na usipige kelele. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Pennsylvania ina kitengo cha kulinda walaji kinachopokea malalamiko bila malipo, nao huiandikia kampuni kudai majibu. Baada ya hapo kuna mahakama ya hakimu wa wilaya, ambako unaweza kudai hadi dola 12,000 bila lazima ya wakili. Na sheria ya Magnuson-Moss inaruhusu mahakama kuiamuru kampuni ilipe gharama za wakili wa mlaji aliyeshinda, kwa hiyo wapo mawakili wanaozichukua kesi hizi bila kukudai pesa mbele. Sidhani utafika huko. Kampuni nyingi za bunduki zinajua mteja wao wa leo ni mteja wao wa miaka thelathini, na hutengeneza.

Kuhusu msimu, nitakwambia wazi: usiutegemee. Msimu wa bunduki wa kulungu Pennsylvania hufunguliwa Jumamosi inayofuata sikukuu ya Kimarekani ya Thanksgiving, na wiki za kabla yake ndizo karakana za viwanda zinapofurika bunduki za watu wenye haraka kama wewe. Ukituma leo inaweza kurudi kwa wakati, inaweza isirudi. Zungumza na yule mzee wa kazini uende naye, akuazime bunduki anayoiamini, uifanyie mazoezi kiwanjani kabla ya siku yenyewe. Leseni yako ni ileile. Vaa rangi ya chungwa inayong'aa ya kutosha, kofia na kizibao, kama kozi ilivyokufundisha.

Bunduki ikirudi, soma kwanza karatasi ya matengenezo. Ikiwa imeandikwa tu "imekaguliwa, iko sawa", piga simu uulize waliijaribu kwa risasi ngapi na za aina gani. Kisha anza na risasi za mazoezi, ujaze bomba na kulimaliza mara kadhaa. Ikipita, nenda kiwanjani na aina mbili za risasi mpya, miwani na vizuia sauti masikioni, na mtu mzoefu kando yako. Weka alama kila inapokwama, hata kama ni mara moja. Waranti haiishi eti kwa kuwa wameshaigusa. Kasoro ile ile ikirudi, dai linakuwa na nguvu zaidi, na barua ya pili unaiandika ukitaja ya kwanza kwa tarehe na namba ya marejeo.

Nitumie majibu ya kiwanda ukiyapata, ukificha namba ya bunduki na anwani yako. Kama ni kukataliwa, nitakusaidia kuandika ile barua ya Mwanasheria Mkuu.

Msalimie mkeo na watoto.

Mjomba